Tablo Inanuka

Benchi la kijiwe chetu mtaani Shubra ni kiti cha nyuma cha teksi iliyokufa. Alasiri ile Rizq, dereva, alikalia upande ambao springi zake bado nzima, nywele zimenyolewa, shati jeupe, anavuta muda kwa kahawa. Jua likizama, wageni wangekuja kumposa binti yake, Sahar. Mposaji wa kwanza alifika akaambiwa baba yuko kijiweni, hakurudi tena. Safari hii Rizq alikuwa ameapa atakuwa nyumbani. Ndipo ukaingia ujumbe wa mkewe, Nagwa: “Tablo inanuka. Njoo na fundi.” Akawasomea wenzake, akampigia. Simu haipatikani.

— Tablo gani? akauliza Shehata, ambaye kijiwe humwita Waziri kwa sababu hana kazi. Ya umeme ukutani, au dashibodi ya gari?

— Ya gari tu, akasema Rizq. Ile taa nyekundu mbele ya usukani inawaka tangu Ramadhani.

— Ukaifanyaje?

— Nikaibandika jicho la buluu, lile la kukinga husuda.

— Umefanya la maana. Taa isiyoonekana haina lawama.

Atris, maarufu kwa jina la Injinia tangu alipotengeneza pasi ikamuunguza, akaweka kikombe chini.

— Tablo ni tablo, jamani. Ya ukutani inagawa umeme: swichi hii jikoni, hii sebuleni. Ikizidiwa, swichi inajikata. Ya gari nayo ni hivyo hivyo, ila inakata kwa fyuzi, na fyuzi ziko chini ya usukani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Akainama ndani ya gari la Rizq, lililoegeshwa palepale, akaanza kung’oa fyuzi na kuzipanga kwenye sinia la kahawa.

— Injinia, jua linashuka!

— Simba mwendapole ndiye mla nyama.

— Sikilizeni, akasema Waziri kwa sauti ya chini. Wakubwa wa dunia wanatusikiliza kupitia hivi vidude.

— Ya njano ndiyo sikio, akakubali Injinia.

— Na ya buluu?

— Hiyo mdomo. Ndiyo inayowaambia wake zetu tuko wapi.

Rizq akajikuta anaitazama ile ya buluu kwa uchungu.

Pikipiki ikasimama. Kijana mwenye suti, sanduku la keki za basbusa limefungwa nyuma, alitaka kuuliza njia, lakini kwanza akasikia wakibishana juu ya tablo inayonuka.

— Samahani, ami. Huyo anayesikia harufu yuko wapi?

— Mke wangu? Nyumbani.

— Na gari?

— Si hili hapa?

— Sasa amelinusaje?

Waziri akachungulia kikombe chake kitupu. Rizq akaiona nyumba yake akilini: tablo ya ukutani, umeme umekatwa, simu ya Nagwa imekosa chaji, wageni wanapapasa ngazi gizani. Akarukia garini, akazungusha ufunguo. Gari halikutoa hata kikohozi.

— Injinia, ipi ilikaa wapi?

Injinia akalitazama sinia.

— Haba na haba, ndugu yangu...

— Ami, akasema kijana, mimi natafuta kwa Ustadh Rizq. Kwa kina Sahar. Wazee wangu wako nyuma.

Rizq akapanda pikipiki, akalipakata lile sanduku.

— Napajua. Tupitie kwa fundi wa umeme kwanza, mwanangu, halafu kimbiza. Baba yake hapendi wachelewaji.