Madonge Kwenye Kopo la Irine

Pale Makambako, barabara ya Njombe inapoachana na ile kuu ya kwenda Mbeya, kuna kijiwe chenye benchi moja la mbao, birika la kahawa la Ebeneza, na wataalamu watatu wa kila kitu. Spana ni fundi wa magari. Jina lake la ubatizo ni Filbert, ila ukimwita hivyo hageuki. Mkaguzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu kazi, hakustaafu kusahihisha. Redio hana kazi inayojulikana, lakini habari zote anazo, hasa zile ambazo hazijatokea. Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba, baridi ikiuma mpaka kwenye fizi, Irine alifika na kopo kwenye mfuko na uso wa mtu anayetoka msibani. Alikuwa anasubiri Kosta, basi dogo la kwenda Njombe. Sista Prisila wa zahanati ya misheni alitaka kuona mafuta yake ya kupaka mikono iliyopasuka. Akiyakubali, atampa chumba na jiko ayatengenezee pale pale. Irine ana cheti cha ufamasia na hana kazi, na nafasi hii aliitaka kuliko kitu chochote. Ndipo asubuhi anafungua kopo, anakuta madonge.

— Mjomba, hebu shika, alimwambia Spana, kaka wa mama yake.

Spana akachovya kidole, akasugua.

— Huu mchanga umeutoa Kitandililo?

— Siyo mchanga. Ni nta. Imejitenga na mafuta.

— Ndoa imevunjika, akasema Redio, akasogeza kikombe.

— Umekosea mafuta, mwanangu, akasema Spana. Tia grisi. Mimi grisi naipaka kwenye beringi, lori linapanda mlima Kitonga, linashuka Kitonga, halijawahi kurudi na madonge. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kilichopasuka huvikwa grisi.

— Grisi ni ya chuma, mjomba.

— Kwani mkono wa mkulima wa viazi ni wa nini?

Irine alicheka bila kutaka, akakasirika kwa kucheka.

Mkaguzi akainua kidole kama yuko darasani.

— Tuanze na msingi. Umechanganya nini na nini?

— Nta ya nyuki na mafuta ya alizeti, mwalimu. Basi.

— Kwa nini usiweke vaselini kama watu wengine?

— Vaselini inafaa. Inakaa juu ya ngozi kama turubai, unyevu hautoki. Ila yenyewe haimezi maji. Mafuta ya sufu ya kondoo yanameza, ila nitayatoa wapi? Kuna krimu, hiyo ni mafuta na maji vimekorogwa mpaka vikashikana, inanawika. Na kuna nyingine haina mafuta kabisa, ukitia maji inayeyuka yote. Kila moja ina ngozi yake. Mimi nimechukua nta na alizeti kwa sababu ndivyo vinavyopatikana huku.

— Na dawa yenyewe iko wapi?

— Dawa ni punje tu, mwalimu, na hapa sijatia. Kazi kubwa ni ya kile kinachobeba. Ukikosea cha kubeba, dawa nzuri inabaki koponi.

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeliona kosa zamani.

— Basi ni nta. Nyuki wa siku hizi wanashinda kwenye misindano, hii misonobari ya mbao yenye utomvu. Hiyo siyo nta, ni ulimbo. Mchuma janga hula na wa kwao: nyuki kachuma janga, tunakula wote.

— Hiyo methali siyo ya nyuki, akasema Ebeneza huku akimimina.

— Wewe mimina.

— Misindano haina kosa, akadakia Redio. Ni mnara wa simu. Mmeujenga karibu na mizinga, nyuki wanasikiliza watu wakigombana mchana kutwa. Wakirudi kujenga sega, kila mmoja anajenga lake. Madonge hayo ni ugomvi wa watu wa Wanging'ombe.

— Na Kibena cha huko nyuki wanakijuaje? akauliza Spana.

— Kwani walipeleka maombi kwa lugha gani mpaka wakapata mzinga?

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Irine hakucheka tena. Hawa wazee anawapenda, lakini leo aliona wanayachezea maisha yake.

— Nyie chekeni. Kosta inakuja, na mimi sipandi mpaka nijue nimekosea wapi.

— Kwani lazima useme ni kosa? Redio akainama, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mwambie Sista madonge ndiyo dawa yenyewe. Ya kusugulia.

— Nimdanganye mtu ambaye wagonjwa wake mikono inatoka damu? Hapana. Bora nirudi nyumbani na kopo langu.

Spana akarudi kwenye machungu yake mwenyewe.

— Watu hawajali kazi zao. Jana Njombe nimekosana na mama wa supu. Supu imetoka jikoni inatokota, yeye anaimimina kwenye bakuli la baridi, hajalipitisha hata maji ya moto! Napiga stori kidogo tu, mafuta yameganda meupe, yamenata mpaka kwenye meno. Njombe bakuli linapashwa kwanza. Hilo nani halijui?

Irine akageuka.

— Rudia, mjomba.

— Bakuli linapashwa kwanza.

Akaliona kichwani jiko la kwao. Nta aliiyeyusha vizuri, sufuria ndani ya sufuria ya maji ya moto. Halafu akachukua dumu la alizeti lililolala sakafuni kwenye baridi, akamimina yote kwa mkupuo. Kisha akaweka dirishani yapoe upesi, hata mwiko hakugusa. Chuoni Dar mwalimu alisema mafuta nayo yapashwe, ila kwa joto la Dar dumu lilikuwa vuguvugu lenyewe, wanafunzi wakaona anasema tu kutimiza wajibu.

— Nta ilikutana na baridi, ikaganda kabla haijachanganyika! Basi hayajaharibika. Nayayeyusha upya jikoni kwa Sista, mbele ya macho yake, na nakoroga mpaka yapoe.

— Nilisema tuanze na msingi, akasema Mkaguzi.

— Ni supu yangu! akasema Spana.

Irine alikuwa anacheka na machozi yanamlengalenga. Hapo ndipo mama mmoja mwenye gambuti, aliyekuwa anasubiri Kosta hiyo hiyo na kiroba cha mbegu za viazi, alipowasogelea.

— Kamwene.

— Kamwene, mama.

— Nimesikia mafuta ya mikono. Naweza kujaribu?

Alinyoosha viganja. Vilikuwa vimepasuka kwenye kila kiungo, na udongo umeingia ndani ya mipasuko. Irine akamwekea kidogo. Mama akasugua, madonge yakalainika kwa joto la mikono, akafumba macho.

— Yanatuliza. Mungu akubariki, mwanangu.

Akainama kunyanyua kiroba chake. Kikamponyoka. Akakishika tena, kikamponyoka tena. Akaviangalia viganja vinavyong'aa, akauliza kwa upole kabisa:

— Nikijipaka haya asubuhi, jembe nitalishikaje?

Spana akaviangalia viganja vyake mwenyewe, vyeusi kwa grisi.

— Si ujipake ukilala? akajaribu Redio.

— Mikono inapasuka mchana, baba. Nashinda kwenye maji ya kinyungu, shamba langu la bondeni.

Irine akapiga hesabu. Krimu haitateleza, lakini maji ya bondeni yataisuuza kabla jua halijapanda. Kinachostahimili maji kinateleza, kisichoteleza kinaondoka. Alikuwa amehangaika na madonge asubuhi nzima, wala hayakuwa tatizo.

Kosta ikapiga honi.

— Hilo usimwambie Sista, akasema Redio.

— Ndilo nitakaloanza nalo, akasema Irine, akashika kiroba cha yule mama upande mmoja. Sijui, mama. Kwa kweli sijui. Twende tukae siti moja, unionyeshe unavyolishika hilo jembe.