Bi Mwanaarusi Buya, Mgonjwa wa Mtihani, Anaondoka Mkekani

Bi Mwanaarusi Buya anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 1907, baada ya kuitumikia zahanati yetu ya Chara miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa astaafu Desemba. Tumeharakisha kwa sababu tunataka aondoke akiwa hai, na nyote mlioketi hapa barazani mnalijua hilo. Kwa hiyo acheni kuitazama miguu yake, mnisikilize mimi, Komora wa chumba cha dawa.

Aliajiriwa mwaka 1886 kufua bendeji. Mwaka huohuo Daktari alianza kutafuta watu wa kuwafundisha utabibu, wakaja waombaji wanaojua majina ya dawa kumi lakini wanaongea juu ya kichwa cha mgonjwa kama vile hayupo. Daktari akamwomba Bi Mwanaarusi alale mkekani ajifanye mgonjwa, kila mwombaji aketi naye, kisha yeye ndiye aseme nani anafaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia kusomea utabibu hapa bila kupita mkononi mwake.

Alikuwa mkali, jamani! Kassim alitoka Hola na viatu vipya, akaukanyaga mkeka navyo, akataja mifupa yote ya mguu. Bi Mwanaarusi alimwambia Daktari kwamba mbuzi wake nyumbani husalimiwa vizuri kuliko hivyo. Hiribae, ambaye kusoma kulimpa taabu, alipita kwa sababu alimfukuzia nzi bila kuombwa, na sasa watu wa Ndera wanamwombea dua. Mimi nilianguka. Nilimuuliza panauma wapi kabla sijamuuliza jina lake, nikapelekwa kwenye chupa, ambazo hazihitaji kusalimiwa. Nilinuna mwaka mzima, lakini alisema kweli.

Sasa lile jambo jingine. Katika mtihani wa kwanza alijifanya anaumwa kifua, akawa anashika ubavu wa kushoto. Siku ya saba ukaja mtumbwi kutoka Ndera na watu tisa, wote wanakohoa, wote wameshika ubavu wa kushoto. Tukasema ni bahati mbaya tu. Mwaka uliofuata alijifanya haoni. Siku ya saba wakafika wafugaji kutoka mbugani, wamepanga mstari, kila mmoja ameshika bega la mwenzake, macho yamevimba. Mara ya tatu sikucheka tena. Akishalala tu mkekani, mimi naanza kutwanga dawa ya kile anachokiigiza, na wallahi dawa hiyo haikuwahi kukosa mtu. Daktari alisifiwa mpaka Lamu kwa kujiandaa mapema.

Bi Mwanaarusi hakuzipenda sifa hizo. Alituambia yeye hachagui ugonjwa. Akilala huyakuta maumivu palepale, kama nguo iliyosahauliwa na mwenyewe. Tulimsikia, na mwaka uliofuata tukamlaza tena.

Ijumaa iliyopita alikuja kwenye mtihani Guyo, mtu mzima, mfugaji aliyezoea kutibu ng'ombe. Aliketi chini kabisa, akasalimia: habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mto, za mifugo ambayo Bi Mwanaarusi hana. Daktari alitazama saa mara tatu. Kisha Guyo akazishika nyayo za Bi Mwanaarusi, halafu akamuuliza maumivu haya ni ya nani.

Miaka ishirini na mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza hivyo. Aibu yetu! Mama wa watu akalia. Akasema kwa kawaida huziona sura za wenye maumivu, watu wa mbali asiowajua. Safari hii miguu yenye baridi ilikuwa yake mwenyewe, baridi inapanda, na sura alizoziona ni zetu sisi, tumejaa barazani, na Komora amesimama anasoma karatasi.

Daktari alinikataza kusoma chochote mbele ya watu mpaka mwezi uishe. Guyo akapinga. Alisema kama karatasi ni lazima isomwe, basi isomwe ya kustaafu, isiwe ya kumuaga marehemu. Ndiyo maana mko hapa, na ndiyo maana nimemkataza kila mtu kulia. Mkeka tumeuchoma. Kwa siku sita tumepokezana kumkanda kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto. Jana baridi ilikuwa imefika magotini. Guyo tumemkubali kusomea utabibu, naye alitoa sharti moja tu, kwamba asilazwe mtu tena kuigiza ugonjwa.

Leo ni siku ya saba.

Bi Mwanaarusi, ahsante kwa kutufunza kuwasalimia wagonjwa kabla ya kuwatibu. Utusamehe kwa kuwa wewe hatukukusalimia. Shamba lako la ukingoni tumelipalilia, migomba imeshika, na wajukuu wamefagia uwanja wakikungoja. Nami nimefika mwisho wa karatasi. Guyo ameishika miguu yako. Ukiusikia mkono wake, tikisa kidole, kimoja tu kinatosha.

Tunakutakia maisha, mama. Hayo mema tutayatafuta baadaye.