Sista Rudia na Mlinzi Anayemrukia Mwenye Nyumba

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwauguza wagonjwa na kuwachosha madaktari, tarehe thelathini mwezi huu muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya magonjwa ya kinga ya mwili anastaafu kwa mujibu wa sheria. Ni vizuri sheria imemwambia, maana sisi nani angethubutu?

Alianzia wodi ya watoto, akapitia chumba cha majeruhi, kisha akaletwa kwetu kushika nafasi ya mtu kwa wiki chache. Wiki hizo hazijaisha mpaka leo.

Wagonjwa wanamwita Sista Rudia, na jina hilo amelitolea jasho. Hakuna anayetoka chumbani mwake na dawa kabla hajamfundisha Sista mwenyewe somo lile lile alilofundishwa. Sista anakalia kiti cha mgonjwa, anajitia hajui kitu, anauliza maswali ya kuudhi. Ukikosea, rudia. Kuna waume waliosindikiza wake zao mara moja tu wakajikuta nao wanarudia. Daktari bingwa mmoja mgeni aliingia kuazima kalamu, akatoka ameeleza namna ya kunawa mikono, na kalamu hakupata.

Kueleza kinga ya mwili si mchezo. Mgonjwa anaitikia ndiyo, ndiyo, huku akiwaza mboga aliyoiacha jikoni. Kwa hiyo Sista alimwazima mlinzi wa getini pamoja na kirungu chake. Mlinzi akawa kinga ya mwili, mgonjwa mmoja akawa mwenye nyumba, na mimi, sijui kwa nini, nikawa vijidudu. Siku za kawaida mlinzi ananifukuza mimi. Kwenye ugonjwa wa lupasi, Sista alieleza, mlinzi huyo huyo anachanganyikiwa na kumrukia mwenye nyumba. Dawa zinamtuliza, lakini mlinzi aliyetulizwa hawaoni wezi wote, kwa hiyo kaa mbali na wenye mafua.

Siku moja mlinzi alinogewa. Mganga mkuu alifungua mlango katikati ya lupasi, akabanwa ukutani mbele ya wagonjwa wote. Sista hakumtetea bosi hata kidogo. Aliwageukia wagonjwa akauliza hapo tunafanyaje, nao wakajibu kwa sauti moja kwamba mlinzi atulizwe, asifukuzwe. Mganga mkuu alikubali shingo upande.

Basi tukaamini kwamba anayerudia vizuri amepona nusu. Mpaka yalipotokea ya fundi cherehani.

Fundi huyo ndiye anayetushonea sare. Alikuwa na lupasi, na ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora wa Sista. Alijua kwamba vidonge vyake haviachwi ghafla, kwa sababu mwili uliokwisha kuvizoea unaweza kuzimika kabisa. Wiki ya harusi ya binti yake alikuja kuleta sare, mashavu yamepungua, amependeza kweli. Kliniki nzima ikamsifu, wee! Sista peke yake alikuwa amemwona fundi akishika ukuta ili afike kwenye kiti. Alimpima presha, akaikuta imeshuka vibaya. Akamwomba, kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia, amfundishe tena habari ya vidonge. Fundi alifundisha bila kukosa neno, kisha akaangua kilio. Alikuwa ameviacha. Vilimvimbisha uso, naye hakutaka binti yake apige picha za harusi na mama mwenye mashavu kama puto.

Alilazwa papo hapo, na kwa siku mbili hatukujua kama bibi harusi angekuwa na mama. Sista alikaa naye hata zamu yake ilipokwisha. Alilia waziwazi, akasema alimfundisha fundi majibu lakini hakuwahi kumuuliza anaogopa nini.

Fundi alipata nafuu. Daktari aliruhusu saa chache za harusi, kwa sharti kwamba Sista aende naye. Waalikwa wanasimulia hadi leo habari za mwanamke aliyekaa meza kuu na mashine ya presha mapajani, akimzuia kila mwenye kikohozi asimkumbatie mama wa bibi harusi. Shemeji mmoja alipiga chafya tu, akahamishiwa nje na sahani yake. Mpiga picha alinawishwa mikono hadi akauliza kama kuna mtu anafanyiwa upasuaji.

Tangu hapo Sista anaanza kwa kuuliza: ukifika nyumbani, nini kitakushinda? Ndipo tukayasikia. Kuna anayewaficha wakwe vidonge, na kuna msichana wa shule anayeona haya kuvaa kofia ya jua, ingawa jua huamsha lupasi yake.

Wiki iliyopita aliletwa mama mgeni, amenuna, uso umevimba, akasema dawa hizo hatazimeza tena hata afungwe kamba. Sista alivuta pumzi ili aanze. Fundi, aliyekuja kliniki yake ya kawaida na mjukuu mgongoni, alimwahi. Alivuta kiti, akamuuliza yule mama ni kitu gani hasa kinamuuma. Walizungumza mpaka mtoto akasinzia. Sista alisimama mlangoni, mikono nyuma, nasi tukangoja atie neno. Yule mama alipoomba maji ya kumezea kidonge, Sista alikwenda kuyaleta mwenyewe.

Asante, Sista. Tutakukosa sana, tena hatuoni haya kusema. Uishi kwa raha na afya tele, na nesi wa mtaani kwako tunamtakia subira.