Sossio Illiano na Njia ya Kikapu

Marehemu Sossio Illiano alizaliwa Miseno, karibu na Napoli, tarehe 23 Septemba 1946, sikukuu ya Mtakatifu Sossio, kwa hiyo jina halikutafutwa. Alikuwa kitinda mimba wa marehemu Aniello na marehemu Nunzia, mshona matanga ya mashua. Alikulia miguuni pa cherehani, akilala mchana ndani ya vitambaa vyeupe. Mwenyewe alisema usingizi ule haukuwahi kumtoka sawasawa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Miseno hadi 1957. Mwalimu alilalamika kwamba mtoto anatazama dirishani mno. Mama yake akajibu, "Mwache atazame. Siku moja atalitilia kivuli."

Mwaka 1969 yeye na kaka yake Procolo walifungua karakana ya maturubai ya kivuli, yale yanayokunjuliwa na kukunjwa kwa mpini. Mwaka 1984 waliitwa kwenye makazi ya wazee ya Bacoli, ambako roshani ziliungua tangu adhuhuri. Walifunga turubai la kwanza ghorofa ya pili, wakajisifu sana. Kesho yake Bi Assunta wa ghorofa ya tatu aliteremsha kikapu kwa kamba, kama ada yake, kumpelekea jirani wa chini biringanya. Kikatua juu ya turubai, kikapinduka.

"We Sossio! Umenifungia barabara!"

"Barabara gani, mama?"

"Ya kikapu! Kwa magoti haya, nikishuka ngazi si atakula Krismasi?"

Sossio alilipunguza turubai upande mmoja, kikapu kikapita. Tangu hapo hakutoboa ukuta wa mtu kabla ya kuuliza, "Kikapu kinapita wapi?"

Alifunga ndoa na Restituta Schiano tarehe 8 Oktoba 1972, wakajaliwa binti mmoja, Fortunata. Mkewe hupenda kusema kwamba mumewe alilala chini ya kila turubai alilofunga, eti analijaribu.

Marehemu aliagiza jambo hili lisifichwe. Mama yao alipofariki mwaka 1998, ndugu hawa walilaumiana nani alichelewa kumwita daktari, wakaacha kusemezana. Uzeeni wote wawili walihamia makazi yale yale, Sossio ghorofa ya pili, Procolo juu yake. Katika jengo zima, turubai la Sossio peke yake halikuachiwa njia ya kikapu. Jambo hilo lilimuuma, ila kiburi nacho ni mzigo.

Mwaka 2021 alianza kuugua mapafu. Mwishowe akawa wa kulala roshanini tu, kwenye mwanga wa manjano wa kitambaa chake, akisinzia na kuzinduka. Mchana wa tarehe 11 Juni 2023 alimwambia mkewe, "Tuta, kunja turubai."

"Utaungua, mzee wangu!"

"Wewe kunja tu."

Akakaa juani, macho juu. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi kikapu kilipogonga ukingo wa roshani. Ndani mlikuwa na kahawa, imefunikwa kisahani.

"Sukari vijiko viwili," sauti ya Procolo ikasema. "Au siku hizi umebadilika?"

"Sijabadilika. Umechelewa, kaka."

"Si ulinifungia barabara!"

Walicheka mpaka Sossio akakohoa.

Alifariki usingizini tarehe 14 Juni, saa nane mchana, turubai likiwa limekunjwa. Ameacha mjane, Restituta, binti, Fortunata, wajukuu wawili, Aniello na Delia, na kaka yake Procolo, ambaye asubuhi ya leo alisahau, akateremsha kahawa.

Mungu amweke kivulini. Apumzike kwa amani.