Mzee Mwikwabe na Baiskeli Zilizopoteza Majina

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na saba Mei, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano. Hapa Migori tumeamka na manyunyu. Kufikia saa mbili yamekatika, na sasa jua linachungulia. Wenzetu wa Homa Bay wanatuarifu kwamba kwao ni kukavu tangu jana.

Wasikilizaji wapendwa, Mungu awe nanyi popote mlipo. Leo tunamkumbuka Mzee Mwikwabe Marwa, fundi wa baiskeli wa mjini Migori. Alituacha Jumanne, tarehe sita mwezi huu, baada ya kuugua kifua. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Juzi Alhamisi tulimzika nyumbani kwake, upande wa Isebania.

Kibanda chake mnakikumbuka. Kilikuwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Mohamednur, karibu na mto. Chini ya duka hilo kulikuwa na chumba kilichochimbwa ardhini. Unashuka ngazi tisa, unainamisha kichwa, unaingia. Humo ndimo Mzee alimohifadhi baiskeli za watu.

Zilifikaje humo? Pikipiki zilipojaa mjini, waliokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli waliacha kazi hiyo. Wengine walikwenda Masara kuchimba dhahabu. Wengine walikwenda Sindo, ziwani. Kila mmoja alimwambia fundi, "Mzee, niwekee hii, nitarudi." Naye alijibu neno moja tu: "Nimeiweka." Kwake neno hilo lilikuwa kiapo. Mwishowe zilifika baiskeli arobaini na moja. Narudia, arobaini na moja.

Bwana Mohamednur alikuwa akimtania. "Mzee, wenzako Wakuria wanafuga ng'ombe. Wewe unafuga vyuma!"

"Hivi vyangu haviingii kwenye mahindi ya jirani," Mzee alimjibu. "Ulishawahi kuitwa kwa chifu kwa sababu ya baiskeli yangu?"

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mzee Mwikwabe hakwenda shule utotoni. Alizitambua baiskeli kwa njia yake mwenyewe. Alikata kamba za mpira kutoka kwa tyubu kuukuu, akazifunga chini ya kiti cha baiskeli. Fundo moja, mwenyewe ni wa hapa mjini. Mafundo mawili, yuko Masara. Matatu, yuko Sindo. Kisha aliongeza alama ya mtu mwenyewe: kifungo cha shati, mfupa wa samaki, kipande cha leso. Kwa miaka mingi hakuwahi kukosea hata mara moja.

Akiwa na miaka sitini na tatu alijiunga na masomo ya gumbaru, yale ya jioni ya watu wazima, katika ukumbi wa kanisa. Mimi pia nilikuwa mwanafunzi huko. Nilikaa dawati la nyuma yake. Alishika kalamu kama anayeshika bisibisi, lakini mwaka ulipokwisha alikuwa akiandika. Alichukua maboksi ya misumari dukani, akakata kadi arobaini na moja, akaandika majina kwa kalamu ya wino. Akatuletea darasani tuone. Halafu, mbele yetu, akatoa mfuko wa zile kamba za mpira, akasema, "Haya yalikuwa mambo ya mtu asiyejua kusoma." Akazitupa kwenye pipa la takataka.

Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Mwezi wa Aprili mwaka jana, mto ulivunja kingo. Mzee alifika asubuhi akakuta maji yamefika ngazi ya saba kutoka chini. Yalikaa humo siku tatu. Alichota kwa ndoo mpaka mikono ikachubuka, na maji yakawa yanarudi. Mkewe, Mama Priscilla, alinieleza hivi: "Nilimwambia, baba watoto, njoo ule. Akaniambia, wenye mali wakija nitawaambia nilikuwa nakula?"

Siku ya nne alikuja kijana mmoja anayeitwa Elvis, mchimbaji wa Masara. Alikuja na pampu wanayotumia kutoa maji mashimoni. "Mzee, baiskeli yangu iko humo ndani," alisema. "Shimo la dhahabu tunalikausha kwa siku moja. Hiki kishimo chako kitatushinda?" Jioni chumba kilikuwa kimebaki na tope tu.

Wakazitoa moja moja, wakaziosha, wakazianika uani. Chuma kilikuwa kizima. Lakini zile kadi alizokuwa amezifunga kwenye baiskeli, wasikilizaji wapendwa, zilikuwa zimegeuka uji. Wino wote umekwenda na maji. Baiskeli arobaini na moja, na hakuna hata jina moja.

Mzee aliketi kwenye ngazi akafunika uso. Niliketi karibu naye tukaomba.

Bwana Mohamednur naye alikuwa na shida yake, na ilikuwa shida ya kweli. Ukuta wa chini ulikuwa umepata ufa. Ilibidi chumba kijazwe mawe na zege, la sivyo duka lingeanguka. "Mzee, nakupa mwezi mmoja," alisema. "Zitakazobaki, mwite mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Siwezi kuuza nilichosema nimeweka," Mzee akajibu.

Ndipo alipokuja hapa studioni. Huenda mnaikumbuka sauti yake. Alisema, "Mimi ni Mwikwabe, fundi. Nimepoteza majina yenu. Sijapoteza baiskeli zenu. Njooni."

Mkaja. Kila aliyefika alitakiwa kutaja dalili ya baiskeli yake. Mzee alifumba macho, akaipapasa, mikono ikakumbuka kila mahali alipowahi kuunga, kunyoosha au kubadilisha spoku. Dada mmoja, Emmaculate, alitoka Sindo kufuata baiskeli ya marehemu baba yake.

"Dalili yake nini, mwanangu?"

"Kengele, Baba. Hailii. Inakohoa."

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Mpeleke hospitali basi!" Mzee akaibonyeza kengele moja, akaibonyeza nyingine. Ya tatu ikakohoa kweli. Emmaculate akaushika usukani, akalia palepale.

Katika mwezi ule mmoja zilirudi kwa wenyewe baiskeli thelathini na nne. Zikabaki saba. Chumba kikajazwa zege, naye Mzee akazipeleka zile saba nyumbani kwake. Alipolazwa, mkewe anasema, hakuulizia shamba wala mifugo. Aliulizia zile saba.

Kwa Mama Priscilla, kwa binti yao Dorine na kwa ukoo wote: poleni sana. Mungu awafute machozi. Nasi tuliobaki, tujiulize leo: tumewekeshwa nini na wenzetu? Mtu alituambia "nitarudi", nasi tukamjibu nini? Mimi bado naishukuru elimu, na naendelea kusoma. Lakini siku hizi kabla ya kutupa kitu cha zamani naomba kwanza. Na ikiwa wewe unayesikiliza ni mmoja wa wale saba, au ni mtoto wake, au unamjua, fika Migori. Utapata fundi hayupo. Mali yako ipo.

Niwamalizie kwa yaliyotokea juzi kaburini. Ni desturi kwamba kabla ya udongo kurudishwa, mkubwa wa familia huuliza kama kuna mwenye dai kwa marehemu. Aliuliza. Ndipo Mama Priscilla akasimama. "Wenye dai ni saba," alisema, "na hawapo hapa."

Mzee mmoja wa ukoo akanung'unika. "Shemeji, mjane habebi mzigo wa wageni. Ziuzwe, mambo yaishe."

"Hakuziuza akiwa hai," Mama Priscilla akasema. "Nitaziuza mimi akiwa bado hajafunikwa?"

Kisha watu wakapisha, na Bwana Mohamednur akapita mbele, kofia mkononi. Alisimama kando ya kaburi akaongea kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje ya ua waliisikia.

"Mama, nipe hizo saba. Nyinyi nyote ni mashahidi, na Mungu ni shahidi. Nitazitundika ukutani mbele ya duka langu, kila anayepita azione. Sitaziuza, na watoto wangu hawataziuza. Mwenyewe akija, hata akija na mkongojo, ataondoka na baiskeli yake, na tairi zitakuwa na upepo. Nimeziweka."