Mzee wa Themanini na Nane Anaondoka Dirisha la Pili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Adada Winstone Kumwenda anastaafu. Amekaa dirisha la pili la ofisi yetu ya bima hapa Mzuzu miaka thelathini na moja. Mameneja tisa wamepita juu ya kichwa chake. Watatu kati yao hawakujua kuendesha gari, na mmoja aliwahi kuuliza maji ya rejeta yanatiwa wapi. Yeye hakupanda cheo hata siku moja. Alibaki palepale dirishani, na sote tunamwita Adada, kama mtu anavyomwita baba yake, hata wale wanaomzidi mshahara.

Kazi yake ilikuwa magari makuukuu ya kutoka nje. Huku kaskazini gari letu linatoka Japani, linashuka bandari ya Dar es Salaam, linaingia mpakani Songwe likiwa na vumbi la nchi mbili. Magari mapya tunayaona yakipita na watu wa miradi, vioo juu. Basi mwenye gari kuukuu akija kuomba bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiumia, anatazamwa kama amekuja kukatia bima jeneza.

Wenye tai wa ofisi kuu, kule Blantyre, wana sheria yao. Gari likitimiza miaka kumi na tano, bima kubwa hakuna, libaki na ile ndogo ya kupitia vizuizi vya polisi. Hawaji kuliangalia. Gari la miaka mitano lililofungwa bampa kwa waya wanalipokea na kalenda wanakupa. La miaka kumi na tano lililotunzwa kama mtoto wa pekee wanalifukuza. Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu mfumo umekataa. Mfumo huo haujawahi kuonekana hapa Mzuzu, lakini hasira zake tunazijua.

Adada aliwadharau hao, na wateja waongo pia hakuwabakisha. Kuna jamaa wa Luwinga alileta gari akaapa limeshuka wiki ileile. Mwenye gari wa kwanza, alisema, alikuwa bibi mzee wa Osaka, mpole, akiendea sokoni tu. Adada akafungua mlango wa nyuma, akapitisha kidole chini ya zulia, kikatoka cheusi.

"Huyo bibi wa Osaka alikuwa anauza nini?"

"Sijui, Adada. Nadhani mboga."

"Mboga gani nyeusi hivi? Huu mkaa, bwana. Tena mkaa wa Mzimba, naujua kwa harufu. Gari lina wiki moja nchini, mkaa wa Mzimba ulifikaje Osaka?"

Foleni nzima ilicheka. Yule jamaa alirudi wiki iliyofuata na habari za kweli, akapewa bima yake. Adada hakuwa na neno na gari bovu. Neno lake lilikuwa na karatasi mbovu.

Na karatasi ndiyo ilimpa jina. Wajapani kwenye hati zao za gari huandika mwaka kwa kuhesabu toka mfalme alipokalia kiti. Mfalme mpya, wanaanza moja. Kwa hiyo hati inaweza kusema gari lilisajiliwa mwaka wa tatu, au wa kumi na tisa, na wewe unabaki unakuna kichwa. Mwanzoni mwa kazi hata Adada alikosea. Aliona tatu, akaandika tisini na tatu. Gari lile lilikuwa la Mwalimu Kayira wa Chibavi. Likaungua barabara ya Nkhata Bay. Ofisi kuu wakachimba, wakakuta ni la tisini na moja, wakasema mwalimu amedanganya umri wa gari, hawalipi. Mwalimu hakudanganya kitu, alisaini tu alipoonyeshwa. Akatembea kwa mguu hadi alipokufa, na kila wakipishana alimwamkia Adada vizuri tu. Adada anasema heri angemtukana.

Baada ya hapo alimtafuta Mjapani mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari, akamwekea ile karatasi mbele. Mjapani akamwambia ni rahisi, namba ya mfalme wa wakati huo unaijumlisha na themanini na nane. Mwaka wa tatu, tisini na moja. Mwaka wa ishirini, mia na nane, yaani elfu mbili na nane. Tangu siku ile hajakosea hata gari moja, na mafundi wa soko la Vigwagwa wakimwona wanapiga kelele, "Themanini na nane! Shikamoo!" Sisi wengine tulimjua hivyo hata kabla ya kumjua kwa jina.

Sasa tuje kwenye lile gari la akina mama, maana bila hilo maelezo haya yote ni bure.

Mwaka 2021 Mama Esnart Msowoya, mkunga wa zahanati moja ya milimani upande wa Rumphi, alikuja dirisha la pili na faili kubwa. Kule kwao mama mwenye uchungu alikuwa anateremshwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wanawake wa kanisa waliuza mahindi na maharage misimu minne, wakaagiza Japani gari la kubebea wagonjwa, kuukuu lakini zima, king'ora kikilia. Likafika. Bodi ya zahanati ikashikilia ufunguo. Bila bima kubwa gari halitoki, walisema, na ikifika Jumatatu halina bima linauzwa. Ilikuwa Alhamisi.

Safari hii ofisi kuu wakamtuma kesho yake mkaguzi wao, Bwana Kachingwe, kijana wa suti ya kijivu na viatu vyenye ncha. Alizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama anayechagua kuku sokoni. Halafu akasoma hati. Mwaka wa usajili: ishirini.

"Elfu mbili na ishirini," akasema. "Gari la mwaka jana lina kutu hivi? Mama, hizi karatasi mmezipikia wapi?"

Mama Esnart akasema, "Mwanangu, mimi napika nsima na mboga yake. Karatasi zimekuja na gari."

"Hizi ni za kughushi. Nawaandikia polisi."

Hapo Adada akatoka dirishani. Ni mara chache sana anatoka dirishani.

"Kijana, huo mwaka si wetu. Ni wa mfalme wao."

Bwana Kachingwe akacheka hadi akashika kiuno. "Adada, mfalme wa Wajapani anaingiaje kwenye bima ya Mzuzu?"

"Kaingia na gari. Hukumwona Songwe?"

"Mimi nina digrii ya mambo ya bima, mzee."

"Vizuri. Basi shika tochi."

Hakushika, alisema suti itachafuka. Tochi nikaishika mimi. Adada akaingia ndani kwa magoti, umri wake ule, akavuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho kabisa. Kule chini kuna kitambaa kidogo kimeshonewa, kiwanda kinaandika tarehe ya mkanda. Akamwita Kachingwe asome mwenyewe. Ilikuwa 2008. Akavuta wa abiria, 2008. Akavuta wa nyuma, 2008.

"Watu wanabadilisha mikanda," akasema Kachingwe, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Yote? Na kitanda cha mgonjwa, na king'ora? Mwizi gani huyo mwenye bidii hivyo?"

Akina mama waliokuja na Esnart walishaanza kupiga vigelegele. Kachingwe akapiga simu Blantyre, akarudi na sura ya mtu aliyepona. Mfumo, akasema, umeshaandika ghushi. Haufutiki, isipokuwa mtumishi mmoja asaini barua kwamba mwaka ni 2008 kwa jukumu lake mwenyewe. Ikija kuonekana si kweli, anaondoka kazini na kiinua mgongo hapati. Alisema hivyo mbele yetu wote, polepole, ili mzee asikie vizuri.

Adada alibakiza miaka miwili tu. Nyumba yake ya Ekwendeni ilikuwa imefika kwenye lenta. Meneja wetu akageuka kuangalia kalenda ya ukutani. Mimi nilimtazama Adada usoni, na nilijua anamwona Mwalimu Kayira akipita. Akauliza kalamu iko wapi, na ilikuwa sikioni mwake. Akasaini.

Jumatatu gari lilipanda mlimani na stika kwenye kioo. Mwezi uleule lilishusha akina mama saba, na mmoja alimpa mtoto wake jina la Winstone. Adada alilalamika kwamba mtoto hana kosa lolote la kustahili adhabu hiyo.

Ofisi kuu nao walimshukuru kwa namna yao. Kwanza alipata barua ya onyo kwa kumwambia mkaguzi ashike tochi. Halafu, mwaka jana, ukaja waraka kwa matawi yote nchini, umesainiwa na Bwana Kachingwe ambaye sasa ni mkuu wa wakaguzi. Waraka unasema yeye, baada ya utafiti wa kina, amegundua kwamba Wajapani wanahesabu miaka kwa mfalme. Utafiti wa kina! Magoti yaliyotambaa mle ndani ya gari si yake. Jina la Adada halipo hata kwa penseli.

Na bado wamekosea. Mfalme yule alikalia kiti mwaka themanini na tisa, basi msomi wetu akaamuru matawi yajumlishe themanini na tisa. Amesahau kwamba mwaka ule wenyewe ndio namba moja. Mtoto wa darasa la nne angehesabu kwa vidole akaona. Kwa hiyo nchi nzima magari ya Japani yamepungua umri mwaka mmoja kwa kalamu ya Kachingwe. Adada aliwaandikia barua kuwaeleza. Aliandika nne. Zote ziko kwenye faili, zina mihuri ya kupokelewa, jibu hakuna. Yeye mwenyewe aliendelea kuandika miaka ya kweli, na ule waraka aliufuata kwa kufungia mandasi, maandazi yetu ya huku.

Wiki jana Mama Esnart alikuja kukata bima upya. Adada akachukua hati, akaisoma mara mbili. Elfu mbili na nane mpaka leo ni miaka kumi na tano kamili. Ule mwaka aliousaini kwa kiinua mgongo chake ndio sasa unalitoa gari barabarani. Mama Esnart akaelewa kabla hajaambiwa.

"Adada, turudi kwenye mkokoteni?"

Adada alichukua tochi. Alitoka, akaenda uani, akavuta breki, akalala chini akaangalia chesisi, akawasha king'ora hadi meneja akachungulia dirishani. Akarudi, akafungua droo, akatoa ule waraka wenye mafuta ya mandasi, akaunyoosha mezani kwa kiganja.

"Mama, mimi nimekuwa mtumishi mkaidi sana," akasema. "Wakubwa wametoa agizo. Nimewaeleza mara nne, wamenyamaza, maana yake wana uhakika. Sasa naondoka, acha nitii hata mara moja."

Akaandika kama walivyoagiza, ishirini jumlisha themanini na tisa. Elfu mbili na tisa. Miaka kumi na minne. Mfumo ukakubali papo hapo. Pembeni akaandika kwa mkono wake kwamba mkanda unasema 2008, wasome barua zake, akapiga muhuri.

Hakuna kilichofichwa, ndiyo maana tunayaandika haya hapa kwenye jarida letu. Ofisi kuu wakitaka kulitoa gari hilo, waanze kukiri kwamba mkuu wa wakaguzi hajui kujumlisha, kisha wayarekebishe magari yote waliyoyaandika vibaya kuanzia Karonga hadi Nsanje. Tunawajua. Gari la akina mama lina bima hadi Juni ijayo. Kabla ya hapo bodi imeahidi kutafuta jingine, na Mama Esnart ameshika ahadi hiyo kwa maandishi.

Karamu ni Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa kanisa, mtaa wa Katoto. Kutakuwa na nsima na samaki wa chambo. Bwana Kachingwe ameahidi kuja kutoa hotuba na saa ya ukutani. Tunaomba tumpe kiti cha mbele.

Adada, wafanyakazi wa ofisi hii tunakushukuru, na wenye magari makuukuu wa kaskazini yote wanakushukuru. Nenda kamalizie nyumba, ukae kibarazani unywe kahawa yako. Tunakuombea miaka mingi yenye afya huko Ekwendeni, na tunaomba isihesabiwe na ofisi kuu.