Shingo ya Dari Kwenye Kamera

Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali, na jua likishageukia upande wa pili, wenyewe huwa wameshajaa: kinyozi, ambaye wanamwita Wembe; Gia Tano, dereva wa malori aliyestaafu; na muuza kahawa na birika lake. Siku hiyo mwenye habari alikuwa Dari, fundi wa kupigilia mbao za dari, mtu aliyeishi maisha yake yote ya kazi akitazama juu, mpaka shingo ikakataa. Jioni hiyo alitakiwa arudi kliniki kupimwa mara ya pili, na hakuwa na hamu hata kidogo.

Aliwaeleza ilivyokuwa mara ya kwanza. Hakupigwa eksirei. Walimbandika vipira vyeupe kichwani, shingoni na mgongoni, wakamweka katikati ya chumba chenye kamera kila kona, wakamwambia ageuze shingo, ainamishe, atazame juu. Kwenye kompyuta akatokea mtu wa nukta na mistari, akawa anageuka kila Dari akigeuka.

— Bila mionzi? — Wembe aliuliza, mkasi bado mkononi.

— Bila. Kamera zinafuata vile vipira tu.

— Basi hawapimi shingo. Wanachukua miondoko.

Akafafanua kwa utulivu wa mtu anayejua. Miondoko yako ikishaingia kwenye kompyuta, anavishwa mtu mwingine. Kuna siku Dari atapishana barabarani na jitu linatembea kama yeye, linakohoa kama yeye, na mkewe ataondoka nalo bila kushtuka.

Gia Tano alisema huo ni upuuzi. Yeye alijua shingo ina gia, na ya Dari imekwama kwenye namba moja. Zile kamera zinatafuta gia ilikokwama, wakishaiona watamfungulia kwa nyuma na kumpaka grisi. Muuza kahawa akaona wote wamepotea: yule mtu wa nukta ndiye mgonjwa halisi, na wakimtibu yeye kwenye kompyuta Dari atapona akiwa nyumbani amelala. Wembe akataka kujua itakuwaje umeme ukikatika shingo ikiwa imegeuzwa nusu. Hilo likawatia wasiwasi wote, wakakubaliana kwamba Dari asiende.

Dari alinywa kahawa yake. Moyoni alifarijika. Hakuziogopa kamera. Alichoogopa ni kuambiwa kwamba shingo haijasogea tangu mara ya kwanza, kwa sababu fundi wa dari asiyeweza kutazama juu hana cha kufanya kwenye ngazi.

Mama mmoja mgeni, aliyekuja kumsubiri mwanawe anyolewe, alikuwa amekaa mwisho wa benchi akisikiliza yote. Alimsalimia Dari, na Dari ili amjibu akageuka mwili mzima, mabega na kiuno, kama mtu anayehamisha kabati.

— Pole, kaka, — yule mama akasema. Kisha akawageukia wenzake Dari. — Samahani, ndugu zangu. Inamuuma upande gani?

— Kushoto, — akasema Wembe.

— Kulia, — akasema Gia Tano, wakati uleule.

Muuza kahawa akashika birika, akaliachia. Wakatazamana. Walikuwa wamemvisha mtu mwingine miondoko yake, wamempaka grisi, wamemtibu akiwa amelala, na hakuna aliyejua hata upande.

Wembe akaangalia mkasi wake. Dari naye alipojiuliza aligundua kwamba hakuwahi kuwaambia. Kila walipomuuliza hali, alisema salama, wakahamia kwenye mambo mengine.

— Kulia, — alisema polepole. — Na nikitazama juu, maumivu yanashuka mpaka mkononi. Nyundo inaniponyoka.

Gia Tano alisogea akampisha ainuke bila kujipinda. Dari akainuka, akajikung'uta suruali, akasema kliniki watafunga.

Wembe akavua aproni, akamwomba yule mama radhi kwamba mtoto atasubiri kidogo, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu.

— Unakwenda wapi nawe? — Dari akamuuliza.

— Nakusindikiza, — Wembe akasema. — Umeme ukikatika, nani atakurudisha?

Wakaondoka, Wembe akitembea upande wa kushoto, ambako Dari angeweza kumwona.